Siku Mguu Wako Uliporuka

Mama,

Nyumbani sikuwahi kukuita hivyo. Nilikuita Baba, kama watoto wa Kisii wanavyowaita mama zao kwa lugha yetu, na baba yetu tukamwita Tata. Lakini barua hii naiandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili Baba ni mtu mwingine kabisa, kwa hiyo nivumilie leo. Nilijaribu kwanza kwa Ekegusii. Sikumaliza hata mstari. Machozi yaliwahi.

Tena habari ninayotaka kukukumbusha ilitokea kwa Kiswahili, pale hospitalini Kisii, kati yako na Daktari Halima. Ulikizungumza vibaya, Mama. Vibaya sana. Na hicho Kiswahili chako ndicho ninachokitamani kukisikia kuliko vitu vingi nilivyokuwa navyo.

Imetimia miezi kumi na moja tangu nimonia ikuchukue. Tata hajambo. Amekataa katakata kuhamia kwangu mjini, anasema mtu hawezi kuacha boma likae peke yake kama kuku aliyefiwa. Anajipikia. Chinsaga anaichemsha mpaka inalainika kama uji, halafu anasahau maziwa, halafu analalamika kwamba mboga za siku hizi ni chungu. Beseni lako la kusugulia sahani za mawe bado liko kibandani, limejaa maji ya mvua. Nilitaka kulimwaga nilipokwenda nyumbani Tabaka Jumapili iliyopita. Tata akanitazama tu. Nikaliacha.

Nimekuwa nikikuwaza ukiwa kibandani humo, zile siku ambazo kichwa kilikuwa kimekupa nafasi. Ulikuwa unaikalisha sahani ya jiwe mapajani, imekwisha kupakwa rangi nyeusi, na kwa ncha ya spoku ya baiskeli unakwaruza twiga. Weupe wa jiwe ulikuwa unatokea chini ya ile ncha kana kwamba twiga alikuwa humo siku zote akisubiri kuitwa. Wanawake wengine walichora twiga waliosimama wima kama nguzo za stima. Wako waliinamisha shingo. Nilikuuliza kwa nini, nikiwa mdogo, ukasema, "Wanatafuta kivuli."

Sikuelewa. Mtoto hajui mtu anayetafuta kivuli mchana kutwa.

Kipandauso kilikuwa chako kabla sijazaliwa. Ndivyo alivyoniambia mama mdogo Nyaboke, kwamba hata mlipokuwa wasichana kule Magwagwa ulikuwa ukiacha kapu la majani chai katikati ya mistari na kwenda kulala chini ya ua. Mimi nilizijua dalili zake kama ninavyojua dalili za mvua. Kwanza ulisugua nyusi ya kushoto. Kisha ukanyamaza. Kisha harufu ya mafuta ya taa ikawa adui yako, na sauti ya sufuria, na sauti yangu. Ulijifunga leso kichwani kwa nguvu mpaka ikaacha alama kwenye paji la uso. Tata alitundika gunia dirishani bila kuambiwa. Siku zenye kichwa zilikuwa nyingi kuliko zisizo na kichwa, na mwishowe nadhani ulisahau zile nyingine zilifananaje.

Watu walisema. Unajua walivyosema. Kwamba mke wa fulani anaumwa kukiwa na palizi, anapona kukiwa na harusi. Shangazi yake Tata alikuja mara moja na pendekezo la kale: upelekwe kwa omobari, yule mzee anayefungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili maumivu yatoke. Nilikuwa kidato cha pili, nimejificha nyuma ya mlango. Nilikusikia ukisema, "Nipelekeni." Hukuuliza kama kutakuwa na ganzi. Hukuuliza waliofanyiwa walipona wangapi. Tata ndiye aliyekataa. Alisema mtu wake hafunguliwi kama kopo.

Nimeifikiria sana hiyo "Nipelekeni" yako, Mama. Mtu anayejifanya mgonjwa hakubali kukwanguliwa fuvu. Hata mtoto wa miaka kumi na tano angeliona hilo. Mimi sikuliona.

Na mwaka uliofuata nikasema neno lile.

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Nilikuwa napewa zawadi ya Kiswahili, na ulikuwa umeahidi kuja. Lile gauni lako la kijani ulikuwa umelipiga pasi tangu Alhamisi. Wenzangu walipiga picha na mama zao kando ya bendera, mimi nikawa natazama lango. Likafungwa. Nilifika nyumbani jioni, kamusi ya zawadi mkononi, nikakukuta kitandani na ndoo pembeni, kitambaa chenye maji kimekufunika macho. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, tayari.

Nikasema, "Kichwa chako kinajua kalenda. Kinauma siku za watu tu."

Ulikisogeza kitambaa kidogo, ukanitazama kwa jicho moja. Kisha ukakirudisha. Hukusema kitu. Hukusema kitu siku ile, wala kesho yake, wala miaka yote iliyofuata. Nikaolewa, nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili mjini, nikamzaa Bosibori, ukaja kumlea ukiwa na leso yako kichwani, na neno lile likakaa kati yetu kama mgeni asiyeulizwa amekuja kwa nani.

Nikwambie ukweli? Niliendelea kuamini nusu yake. Nilikuletea dawa, nilikuwekea maji, na ndani kabisa nilikuwa nikisema: labda anazidisha kidogo.

Aliyetutoa hapo alikuwa Bwana Kanti.

Unamkumbuka alivyokuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa, miwani kwenye kamba, akikusalimia kwa Ekegusii cha mtu aliyezaliwa mtaa huohuo: "Bwakire buya, Mama Kemunto." Familia yao imeuza dawa mjini Kisii tangu enzi za babu yake. Ulikuwa ukinunua tembe za maumivu kwake kila ulipoleta mizigo ya sahani kwa wafanyabiashara, na ulizimeza karibu kila siku, mbili asubuhi, mbili mchana, nyingine ukizificha kwenye pindo la leso. Kisha siku moja akakataa.

"Leo sikuuzii, mama. Nikikuuzia nakuumiza."

Ulikasirika! Ulimwambia duka la pili lina dawa zilezile na mwenyewe hana maneno mengi. Akatoka nyuma ya kaunta, mzee yule asiyetoka nyuma ya kaunta kwa mtu yeyote, akakuvutia stuli, akanipigia simu ofisini. Nilikuja mbio nikidhani umeanguka. Nikakukuta umekaa umenuna kama mtoto aliyenyang'anywa peremende.

Akaniambia, "Kemunto, hizi dawa mtu akizimeza hivi, kichwa kinazizoea, halafu zenyewe ndizo zinazokiamsha. Nimemuuzia mama yako muda mrefu. Nilipaswa kusema mapema. Mpeleke hospitali." Akaongeza kwamba kulikuwa na daktari mgeni, mwanamke kutoka Pwani, anayewapima mishipa ya fahamu watu wenye kipandauso kisichokatika.

Ulitoka pale bila kumuaga. Lakini ulikwenda.

Safari ya kwanza iliharibika, unakumbuka. Tulipofika kwenye kile chumba kidogo mwisho wa veranda ulikuwa tayari unasugua nyusi, na kabla hujaketi ukaanza kutapika kwenye mfuko wa karatasi. Mimi niliona aibu. Nilianza kumwomba daktari msamaha, kwamba tumetoka mbali, kwamba mama atajikaza. Daktari Halima alikuwa ameshazima taa. Alifunga pazia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Leo hatupimi. Lala hapa, mama, mpaka kikuache. Mashine haiendi popote."

Uliniambia baadaye ukiwa njiani kurudi, "Huyo mtoto wa watu ameniamini." Ulisema kwa mshangao. Hukukusudia kunichoma, najua. Lakini nilitazama nje mpaka tukafika.

Mara ya pili ulikuwa mzima. Alianza na nyundo ndogo ya mpira, akakugonga chini ya goti, mguu ukarusha teke, ukacheka. Akagonga na la pili. Akatazama mboni zako kwa tochi, akakufanya utembee kwa mstari. Akasema miguu yote miwili inajibu sawasawa na hiyo ni habari njema, haoni dalili ya kitu kibaya kilichoota kichwani. Hapo nilikuona unashusha mabega. Miaka yote ulikuwa umebeba hofu ya uvimbe na hukuwahi kumwambia mtu.

Kisha akaeleza kipimo chenyewe. Angekubandika vibandiko vyenye nyaya nyuma ya kifundo cha mguu, na vingine nyuma ya paja. Angepitisha umeme mdogo kifundoni, kidogo kidogo akiuongeza, na mahali fulani msuli wa paja ungejikunja wenyewe kuuvuta mguu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alisema mguu huo huvutwa na uti wa mgongo. Mtu hauamrishi. "Ukisema basi, nitaacha," akakwambia. "Hata ukisema kwa Ekegusii."

"Na hii mguu, mimi naweza kuikataza?" ukauliza.

"Jaribu," akasema.

Ulijaribu, Mama. Nilikuona umekaza taya na kushika kingo za kiti. Mashine ililia tik, ikanyamaza, ikalia tena. Ilikuwa bado chini kabisa, daktari alikuwa ndio kwanza anaanza kupanda, mguu wako ukaruka.

"Ai! Imeruka yenyewe! Mimi sijaambia!"

Daktari akarudia, akishuka, akipanda. Kila mara mahali palepale pa chini mguu ukaruka. Uliutazama mguu wako kama vile ni wa mtu mwingine aliyekuja kukutetea.

Mimi ndiye niliyeuliza kama naweza kupimwa. Sijui ni nini kilinisukuma. Daktari Halima akasema jibu langu halitaingia kwenye utafiti wake kwa kuwa mimi si wa rika lako, lakini kama nataka kujua tu, nikae. Nikakaa. Nilivua viatu vya ofisini, nikakunja suruali. Nilimwomba aanzie pale mguu wako uliporukia.

Tik.

Nilihisi kama mtu amenipiga na mpira wa kufungia pesa. Basi. Mguu wangu ulilala kama gogo. Nikauliza, "Ndio hapo?" Akasema ndio hapo. Akapanda. Akapanda tena. Tena. Nilianza kuuma midomo, jasho likanitoka kwapani, na mguu bado umelala. Ulikuwa umesimama kando yangu umeshika mkoba wangu, unahesabu milio kwa Ekegusii chinichini. Mwishowe, huko juu, mguu wangu ukaruka.

Nikayatazama maandishi kwenye kioo cha mashine, yako na yangu, na umbali uliokuwa kati yake. Kile ambacho kwangu kilikuwa kofi la mpira, kwako kilikuwa kaa la moto. Umeishi hivyo. Umetupikia hivyo, umesugua mawe hivyo, umembeba Bosibori mgongoni hivyo, na mimi nikasimama mlangoni na kamusi yangu nikakwambia kichwa chako kinajua kalenda.

Daktari alitutahadharisha. Alisema kipimo hiki bado ni cha utafiti, kwamba watu hutofautiana, kwamba hakimthibitishii mtu mmoja kuwa ana kipandauso wala kuwa hana, na kwamba yeye alikuamini kwa maelezo yako kabla ya mashine. Nilikutafsiria yote kwa Ekegusii, neno kwa neno. Ulisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza ukamwambia, "Asante, dakitari. Sasa nipee hiyo karatasi."

Akacheka, akakuchapishia.

Tulikaa kwenye benchi nje, tukala sambusa. Niliona karatasi imekunjwa kwenye mfuko wa kitambulisho chako. Nilijua nafasi ndiyo hiyo. Nilifungua mdomo. Ukanitangulia, ukaniambia mambo mawili tu:

"Sasa umeona."

Halafu, "Kula, inapoa."

Mama, ulikuwa ukinisamehe au ulikuwa ukinilisha? Nimejiuliza miezi kumi na moja. Sikuomba msamaha. Nilikula.

Tata ulimwonyesha karatasi jioni hiyohiyo. Aliishika kichwa chini miguu juu, akatingisha kichwa kwa uzito kama mzee wa kanisa, akasema, "Mimi nilijua." Na ni kweli alijua. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua. Ndiyo maana gunia lilikuwa dirishani.

Kliniki ikakuamuru uache zile tembe za kila siku. Waliniambia siku za kwanza zitakuwa mbaya, na kwamba usiwe kibandani kwenye vumbi na makelele. Ndipo tukakupeleka Magwagwa kwa mama mdogo Nyaboke, kwenye kile chumba cha nyuma kinachotazama chai. Niliomba likizo. Nilikuwa sijawahi kukaa na wewe ndani ya kichwa chako tangu mwanzo mpaka mwisho. Siku zote nilikuwa nikiweka maji na kutoka.

Safari hii sikutoka. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda. Nilijifunza kumwaga ndoo bila kugonga mlango. Nilijifunza kwamba ukisema "sogea" ni pumzi yangu inakusumbua. Siku ya nne uliniomba tembe moja tu, ukanishika mkono, ukaapa kwa Nyasae kwamba ni moja tu. Nyaboke alitoka nje akalie. Nilikukatalia, Mama. Nilikuwa sijui kama ninafanya vizuri. Ukaniambia, "Wewe mtoto ni mgumu," ukaugeuzia ukuta uso, na nilikaa palepale nikisikiliza wachumaji wakiitana mashambani, nikikuomba msamaha kimoyomoyo kwa maneno mengi ambayo hukuyasikia hata moja.

Wiki ya tatu nikaamka asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Nilitoka mbio nikakuona umesimama kati ya michai, jua limekupiga usoni. Hukuwa na leso. Nywele zako zilikuwa zimetimka kila upande. Ukasema bila kugeuka, "Nasikia harufu ya majani. Haiumi."

Sijawahi kukuona mrembo kama asubuhi ile.

Baada ya miezi kadhaa Daktari Halima akakuita tena. Safari hii mashine ilipanda juu zaidi kabla mguu haujaruka. Bado chini ya wangu, lakini juu. Daktari alifurahi, mimi nikapiga makofi. Wewe uso ukasawijika.

"Sasa hawatasema nilikuwa najifanya?" ukauliza.

Daktari hakucheka. Aliinama, akakutoa vibandiko mwenyewe kimoja kimoja, akasema, "Mama, mvua ikikatika hakuna anayesema haikunyesha." Ukaliwaza neno hilo. Kisha ukaomba karatasi ya pili.

Miaka miwili ulipewa, Mama. Kichwa hakikuondoka chote. Kilikuja kama mgeni wa kawaida, kinalala siku moja au mbili kinakwenda. Lakini siku nzuri zikawa nyingi. Ulikuja mjini kwa shughuli zako mwenyewe. Ulirudi kwa Bwana Kanti ukamsalimu wa kwanza, ukampelekea sahani yenye twiga, naye akaiweka mahali pa mizani. Kwenye harusi ya binti ya Nyaboke ulicheza mpaka wasichana wakakaa chini wakikutazama. Kibandani uliimba. Nilikuwa sijui kwamba unaimba. Mtu ana miaka arobaini na anagundua kwamba mama yake ana sauti ya pili.

Kisha masika, kikohozi, kitanda cha wodini. Hayo unayajua.

Bwana Kanti alifunga duka siku tuliyokuzika. Alisimama chini ya migomba na soksi zake zikiwa zimejaa matope mekundu, na akaniambia kwa Ekegusii kwamba alipaswa kukataa mapema zaidi. Nikamwambia alikataa kwa wakati. Daktari Halima amehamishiwa Pwani. Nilimwandikia ujumbe, akanipigia, tukalia wote wawili kwenye simu bila kusema mengi.

Na sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Ni Bosibori. Yuko gredi ya saba sasa, amenipita bega. Tangu muhula uliopita anaumwa kichwa. Mwanzo nilisema ni joto, ni simu, ni kukosa kunywa maji. Wiki mbili zilizopita mwalimu wake alinipigia ofisini. Akasema, "Mama Bosibori, huyu msichana analala kwenye dawati kila tukiwa na mtihani wa hisabati. Zungumza naye, anatuchezea."

Nilifika nyumbani nimechoka, nimeudhika. Nikamkuta amelala kwenye kochi na sweta la shule limefunika uso. Nikasimama mlangoni. Nikasikia mdomo wangu unafunguka, Mama, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Na ni siku za mtihani tu ndio kina—"

Alilisogeza sweta. Akanitazama kwa jicho moja.

Nilikaa sakafuni palepale na mkoba begani. Alishtuka, akaniuliza, "Mami, nini?" Nilinyanyuka, nikafunga pazia, nikazima redio ya jikoni, nikaleta kitambaa chenye maji na ndoo, nikakaa. Alipoanza kutapika nilikuwa nimeshamshika nywele. Hakuniambia nisogee, lakini nilisogea kidogo, ili pumzi yangu isimsumbue.

Alipopata nafuu nilimwambia yote. Siku ya wazazi, kamusi, gauni la kijani ukutani. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza habari zako, bibi yake, "Na magokoro alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hata baadaye?"

"Alisema, 'Sasa umeona.' Halafu akaniambia nile sambusa."

Akafikiria kama ulivyokuwa ukifikiria wewe, kidole kwenye nyusi. Akasema, "Basi hakuwa na kinyongo. Mtu mwenye kinyongo angekula na yako."

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. Mtoto huyu ni wako.

Nimempeleka kliniki. Daktari wa sasa ni kijana, alimgonga magoti kwa nyundo ya mpira na miguu yote miwili ikajibu sawasawa. Amesema ni kipandauso, bado kichanga, kinaweza kutunzwa. Ametuonya kuhusu tembe za dukani. Ile mashine ya nyaya haipo tena, ilikwenda na kazi ya Daktari Halima, na nikagundua kwamba sikuihitaji. Jumatatu nilikwenda shuleni na barua ya kliniki. Nilimkuta mwalimu kwenye chumba cha walimu, nikaongea naye kwa adabu, nikamweleza kwamba msichana huyu hachezi na mtu, na kwamba kichwa kikianza aruhusiwe kulala kwenye chumba cha wagonjwa na mtihani aufanye siku nyingine. Mwalimu akasoma barua, akauliza, "Mama, una hakika hazidishi?"

Nikasema, "Nina hakika." Sikumwonyesha mashine yoyote. Nilisema tu, nikarudia kusema tena, mpaka akaandika kwenye daftari lake.

Mama, nisamehe. Hili ndilo neno nililokuwa nalo pale kwenye benchi na nikalimeza pamoja na sambusa. Nisamehe kwa kalenda. Nisamehe kwa miaka yote niliyoweka maji na kutoka. Nisamehe kwamba ilibidi mguu wako uruke ndipo nikuamini, wakati mdomo wako ulikuwa umeniambia tangu nilipozaliwa.

Lala salama huko Tabaka, mahali pasipo na makelele. Tata nitampelekea maziwa kila Jumapili na nitasimama karibu na sufuria mpaka ayamimine mwenyewe. Na Bosibori, nakuahidi: kila atakaponiambia kinauma, nitafunga pazia kwanza. Maswali yatasubiri.

Mbuya mono, asante sana, Baba. Neno la msamaha nimelisema, ingawa ni kwa Kiswahili.

Mwanao,
Kemunto